Kabla Ampli Haijauzwa kwa Kilo: Mafundi Waliosahaulika katika Historia ya Gitaa Letu

 Leo sileti siasa wala habari za ajira. Naleta habari ya sanduku moja la chuma, zito kama mtoto wa miaka saba, ambalo lilibakiza siku nne tu kabla ya kuuzwa kwa kilo.

Sanduku hilo liko kwa mzee mmoja fundi wa redio, upande wa Nyakasanza, hapa Bunia. Ni ampli ya zamani, ile ya taa za kioo. Imekaa chini ya meza yake miaka mingi, juu yake mmewekwa makopo ya misumari. Siku ile mnunuzi wa chuma chakavu alipita, akaiinua kidogo, akasema atatoa dola 30. Hakutaka ampli. Alitaka shaba iliyozungushwa ndani ya transfo zake mbili. Akasema atarudi Jumamosi.

Sisi tulikuwa vijana watatu. Mmoja amesoma umeme, mmoja anapiga gitaa kanisani, na mimi nimesoma historia, na mpaka leo diploma yangu iko ndani ya bahasha inangoja kazi. Tukamwambia mzee: “Papa, mbele ya kuuzisha, tuisikie hata mara moja.” Akacheka. “Batoto yangu, hii kitu haijalia tangu mbele ya vita. Lakini sawa. Mukuje na gitaa.”

Mpiga gitaa wetu ndiye aliyechagua mtihani. Alisema ampli ya taa inapimwa kwa muziki wa mawimbi, ule ambao Wamarekani wanauita surf. Ni muziki wa vijana wa pwani ya California, miaka ya mwanzo ya 1960, wale waliokuwa wakiteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa ubao. Gitaa ndilo linaimba, kwa mwendo wa haraka, na mwangwi mwingi kama mtu anayepiga ndani ya pango. Wengi wenu mnaujua bila kujua jina lake: ndio unaofungua filamu ya Pulp Fiction ya 1994. Kwa nini huo? Kwa sababu unaitesa ampli kwa njia tatu. Unataka sauti kubwa, unataka sauti safi, na mkono wa mpigaji haupumziki. Ampli mbovu haifiki mwisho wa wimbo.

Nikaenda kutafuta historia ya muziki huo, ili nijue tunapima nini. Nilidhani nitarudi na habari za California tu. Kumbe nilirudi na habari zetu.

1. Taa isiyomulika

Tuanze na taa zenyewe. Taa ya ampli haikutengenezwa kumulika. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ambayo ndani yake umeme hupita upande mmoja tu. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kitu kidogo katikati: wavu wa waya. Umeme mdogo ukifika kwenye wavu huo, unaamrisha umeme mkubwa unaopita kando yake. Fikirieni bomba la maji na koki. Kidole kinasukuma koki kidogo, maji mengi yanafuata. Nyuzi za gitaa ndizo kidole, spika ndiyo ndoo.

Kabla ya hapo gitaa lilikuwa chombo cha sebuleni. Mbele ya tarumbeta na ngoma, lilimezwa. Gitaa la umeme la kwanza kupata soko lilitoka Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1930, kazi ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker. Na halikuwa gitaa la kushika kifuani. Lilikuwa gitaa la Kihawaii, lile linalolazwa juu ya mapaja na kuchezwa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Shikeni hilo neno, Hawaii. Litarudi.

2. Fundi asiyejua kupiga gitaa

Mtu aliyeupa muziki wa mawimbi sauti yake hakuwa mwanamuziki. Leo Fender, aliyezaliwa 1909, alikuwa fundi wa redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California. Wanamuziki wakawa wanamletea ampli zao zilizokufa. Yeye akawa anazifungua, anaona ni wapi zinavunjika, kisha anatengeneza zake zisizovunjika mahali pale. Njo vile alivyojifunza. Gitaa lake la Stratocaster lilitoka 1954, na leo ni kati ya magitaa yanayojulikana zaidi duniani. Lakini mwenyewe hakujua kupiga gitaa mpaka anakufa 1991. Alikuwa na masikio, chuma cha kulehemu, na subira ya kuwasikiliza wanaopiga.

Kati ya waliomletea matatizo, hakuna aliyemzidi Dick Dale. Alizaliwa Boston 1937 kwa jina la Richard Monsour, baba yake akiwa wa asili ya Lebanoni. Alipiga kwa mkono wa kushoto, gitaa limegeuzwa na nyuzi ziko juu chini, kwa nguvu kama mpiga ngoma. Na kweli ngoma aliijua: alijifunza darabuka kwa ndugu wa baba yake aliyekuwa anapiga udi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anajaza ukumbi wa Rendezvous, huko Balboa, kwa maelfu ya vijana. Miili ya watu inakunywa sauti, kila mtu aliyewahi kufunga spika kwenye arusi anajua hilo. Ili asikike, alifungua ampli mpaka mwisho. Ampli zikaungua. Spika zikapasuka. Anapeleka kwa Fender, anapewa nyingine, inaungua pia.

Dale mwenyewe alipenda kusimulia jinsi jambo lilivyotatuliwa. Fender alikuja ukumbini pamoja na msaidizi wake Freddie Tavares, wakasimama katikati ya vijana wanaocheza. Hapo ndipo Fender alipoelewa, maana kwenye meza ya kazi ampli ilikuwa nzima. Ilikuwa inaugua ukumbini. Akatengeneza transfo kubwa zaidi, akatafuta spika ya inchi 15 kwa kampuni ya JBL, na hiyo ikawa ampli ya Showman, ya wati 85 hivi. Na huyo Tavares, mnajua alitoka wapi? Alizaliwa Hawaii, na alikuwa bingwa wa lile gitaa la mapajani.

Mwaka 1961 Fender akatoa kisanduku cha mwangwi. Ndani yake mna springi. Sauti ya gitaa inatikisa springi upande mmoja, mtikisiko unasafiri, unagonga mwisho, unarudi, na upande wa pili unageuzwa tena kuwa umeme. Ndiyo maana muziki ule unasikika kama umelowa maji. Fikra hiyo ilitoka kwenye vinanda vya Hammond, vilivyotumia springi ili kinanda cha nyumbani kisikike kama kiko ndani ya kanisa kubwa.

Tazameni mpangilio wake. Mpigaji anaharibu, fundi anatengeneza, mpigaji anaharibu tena, fundi anarudi mezani. Muziki ule ulizaliwa kati ya watu wawili. Picha kwenye jalada la santuri ni ya mmoja.

3. Wimbo wa Misri unapita kwa Wagiriki

Wimbo uliompa Dale jina mwaka 1962 unaitwa Misirlou. Masikio ya Mswahili yanashtuka mara moja: kuna Misri humo ndani. Na ni kweli. Neno limetoka Kituruki, maana yake mtu wa Misri, na kwenye wimbo ni msichana wa huko. Ni wimbo wa pwani za mashariki mwa Mediterania, pale Wagiriki, Waarabu, Waturuki na Wayahudi walipokuwa wanasikilizana dirishani. Rekodi yake ya zamani inayojulikana ni ya 1927, iliyofanywa Marekani na Mgiriki Tetos Demetriades. Dale aliukumbuka kwa udi wa familia yake, akauongezea mwendo, akauingiza ndani ya ampli ya fundi wa redio. Kwa hiyo “muziki wa California” ulikuwa na bibi huko Mashariki.

Sasa, Wagiriki hao hao tuwafuate mpaka kwetu. Wazee wa Bunia wanakumbuka maduka ya Wagiriki. Walikuwa wafanyabiashara katika miji mingi ya Kongo, mikubwa na midogo. Huko Léopoldville, Mgiriki Nico Jeronimidis alianzisha studio ya Ngoma mwaka 1948, na mwaka ule ule Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane wakarekodi Marie-Louise. Mgiriki mwingine, Papadimitriou, akafungua Loningisa mwaka 1950, na pale ndipo kijana Franco Luambo alipoingia kurekodi 1953. Hawa hawakuwa maprofesa wa muziki. Walikuwa watu wa duka: vitambaa, sabuni, gramafoni. Waligundua kwamba mteja hanunui gramafoni kama hakuna santuri inayoongea lugha yake.

Na gitaa la umeme? Anayetajwa kulileta kwenye studio za Léopoldville ni Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi, mwaka 1953, alipokuja kuanzisha studio ya CEFA. Kabla yake, kijana Zacharie Elenga, aliyeitwa Jhimmy, alikuwa ameshawatia watu wazimu kwa gitaa lenye mtindo wa Kihawaii. Niliwaambia neno hilo litarudi. Kisiwa kilicho katikati ya bahari ya Pasifiki kilifika California kwa Tavares na kikafika mto Kongo kwa santuri.

4. Taa zile zile, dansi nyingine

Hapa ndipo tunapokosea sisi wasomi. Tunasema Magharibi ilileta mashine, Afrika ikaiga. Hebu tulinganishe tarehe. Mwezi wa kwanza na wa pili wa 1960, wakati wa Meza ya Duara ya Brussels, African Jazz ya Joseph Kabasele inapiga Indépendance Cha Cha. Gitaa la mbele ni la Nicolas Kasanda, Docteur Nico, kijana wa miaka 20. Wakati huo Dick Dale bado hajarekodi Misirlou, na kisanduku cha springi cha Fender hakijatoka. Kwa hiyo hatukuwa nyuma yao kwenye foleni. Tulikuwa kwenye darasa moja, mwaka mmoja, na kitabu kimoja: taa, transfo, spika.

Lakini kila mmoja alijibu swali lake. Swali la Dale lilikuwa: gitaa moja litasikikaje mbele ya maelfu? Jibu lake ni nguvu na mwangwi. Swali la Nico lilikuwa lingine: magitaa mawili au matatu yataongeaje pamoja bila kuzibana midomo? Kaka yake Mwamba Dechaud alishika gitaa la kusindikiza, Nico akashona juu yake. Muziki wa namna hiyo mwangwi mwingi unauharibu, maana kila noti ikibaki hewani inafunika ya jirani. Unataka ampli safi, inayotoa noti kama punje ya mahindi, moja moja. Sebene yetu imejengwa juu ya nafasi iliyo kati ya punje hizo. Na Nico alipotaka kuteleza, alilaza gitaa la Kihawaii mapajani naye akateleza.

Wahitimu wenzangu, kuna jambo moja juu ya Nico ambalo halisemwi sana: alisomea ufundi, akamaliza masomo 1957. Mtu tunayemwita daktari wa gitaa alitoka shule ya kazi za mikono. Sijashangaa.

Sasa jiulizeni. Majina ya waimbaji tunayo. Ya wapiga gitaa tunayo, hata ya wapiga maraka. Lakini usiku ule ampli ya baa ilipokufa saa tano, watu wamejaa na bia zimeshafunguliwa, nani alileta chuma cha kulehemu? Jalada la santuri halikuwa na mstari wake. Na sisi wa historia tunafuata karatasi; mtu ambaye karatasi haikumwandika, tunamfanya hakuwapo.

5. Na Ituri yetu?

Mtasema: hizo ni habari za Kinshasa. Haya, turudi nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipita kaskazini-mashariki mwa Kongo na gari la kurekodi. Pembeni mwa msitu wa Ituri alirekodi Wambuti, Wabira, Wanande, Wabudu. Safari hiyo hiyo, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake kavu, bila waya wowote. Wimbo wake Masanga ulizunguka dunia. Yaani sauti ya mashariki iliingia kwenye historia kwa sababu mtu mmoja alibeba mashine, na mashine hiyo ilifanya kazi siku ile.

Umeme nao una historia yake hapa. Bwawa la Budana, kwenye mto Shari, lilijengwa zamani za Wabelgiji ili kulisha migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Umeme ulifuata dhahabu, na muziki ukafuata umeme: palipokuwa na waya ndipo ampli ilipoweza kulia. Mzee wetu anasema ampli yake ilitoka kwenye ukumbi wa starehe wa wafanyakazi wa migodi. Ilikuwa ya hotuba mchana na ya dansi usiku.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu akatangaza zaïrianisation, biashara za wageni zikagawiwa kwa wenye bahati. Maduka ya Wagiriki nayo yakaingia humo. Kwenye vitabu tunasoma sura ya uchumi. Kwa fundi wa redio ilikuwa na maana moja: vipuri vimekwisha. Taa ikifa, unatafuta redio nyingine iliyokufa, unang'oa ya kwake. Mafundi wakawa kama madaktari wanaotibu mgonjwa kwa viungo vya maiti.

Vita ya 1999 mpaka 2003 sitaieleza hapa. Kila nyumba ya Bunia ina yake. Nitasema tu kwamba wakati askari wa operesheni Artemis walipofika, mwezi wa sita 2003, mji ulikuwa umeporwa. Redio, jenereta, spika, vinanda vya makanisa: kitu kinachobebeka kilibebwa. Ampli ya mzee ilibaki kwa sababu ilikuwa nzito na ilionekana bovu. Alikuwa ameng'oa taa zake akazifukia uani ndani ya kopo la maziwa.

Mtu asidhani ufundi wa namna hii ni umaskini tu. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No 1 walitengeneza vinasa-sauti vya likembe kwa sumaku za magari mabovu na vipande vya mbao. Ampli zikakwaruza, zikanguruma. Hawakuuficha mngurumo, waliufanya sehemu ya wimbo. Albamu yao Congotronics ilipotoka 2004, Ulaya na Marekani ziliinama kusikiliza. Aliyekuwa fundi na aliyekuwa mwanamuziki walikuwa mtu mmoja.

6. Siku ya mtihani

Alhamisi saa kumi tukafika na gitaa. Mzee hakutupa ruhusa ya kuchomeka waya ukutani. “Ampli iliyolala miaka 20 hauiamshe kwa kofi,” alisema. Akaleta balbu ya zamani ya wati 100, akaifunga katikati ya waya wa umeme. Ikiwa ndani kuna mahali pameungana vibaya, balbu itawaka sana na ampli itapona. Ikiwa ndani ni pazima, itawaka kidogo halafu itafifia. Akafunga spika kwanza, maana ampli ya taa ikilia bila spika inaweza kuunguza transfo yake. Akatukataza kutia mkono ndani hata kama waya umetolewa: zaidi ya volti 400 zinaweza kubaki ndani ya kapasita, zikimngoja mtu mwenye haraka.

Balbu iliwaka sana. Akazima. Kapasita mbili zilikuwa zimekauka. Akang'oa nyingine kwenye televisheni iliyokufa, akapima, akalehemu. Mwenzetu wa umeme, aliyemaliza na distinction, alikuwa ameshika tochi. Aliniambia baadaye kwamba kwenye auditoire waliichora taa hiyo ubaoni kwa saa mbili, lakini hajawahi kuiona ikiwaka.

Mara ya pili balbu ikafifia. Ndani ya kioo nyuzi zikaanza kuwa nyekundu kama makaa ya jioni. Hatukusema neno. Spika ikatoa mngurumo mdogo. Mpiga gitaa akagusa uzi mmoja, na sauti ikatoka.

Misirlou ilianza vizuri. Sauti ilikuwa pana na safi, na mkono ulipoongeza nguvu ikawa na ukali kidogo pembeni, kama mtu anayeimba akitabasamu. Lakini ilikuwa kavu. Ampli ya hotuba haina springi. Muziki wa mawimbi bila maji! Mzee akafikiri, akaonyesha tanki la chuma tupu pale uani. Tukaielekeza spika kwenye mdomo wa tanki. Sauti ikaingia, ikazunguka, ikatoka imelowa. Tulicheka mpaka majirani wakaja. Nilipowaeleza kwamba mwaka 1958, huko Phoenix, Marekani, mtayarishaji Lee Hazlewood alitumia tanki la maji lenye lita zaidi ya 7,000 ili kulipa mwangwi gitaa la Duane Eddy, mzee alitikisa kichwa. “Fundi ni fundi,” alisema. “Hata huko alikuwa anatafuta kwenye uchafu kama miye.”

Wimbo haukufika mwisho. Umeme ulishuka, nyuzi zikapauka, sauti ikalegea kama kaseti yenye betri inayokufa, halafu giza. Jenereta ya jirani ilipokubali, mpiga gitaa hakurudia Misirlou. Alitoa spika kwenye tanki, akaielekeza kwa watu, akapiga sebene. Ampli ile ile, taa zile zile, dakika kumi baadaye. Mama mmoja aliyekuja kulalamikia kelele aliweka beseni chini.

7. Jumamosi

Tulikuwa tumekusanya dola 17. Tulimpa mzee, tukamwomba atupe muda kwa zilizobaki. Hakuzipokea. Akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike yote haya:

“Nyinyi munafikiri nauzisha juu ya njaa. Njaa iko, siwezi kudanganya. Lakini nauzisha juu mimi nikikufa, hii iko chuma tu. Hakuna mutu atajua kuifungua. Mimi sina kazi na dola yenu. Mutu moja akuje kila mangaribi, ajifunze. Hapo sitauzisha.”

Tukatazamana. Watatu sisi tuna diploma tatu, na miaka mitatu tunasema hakuna kazi. Hatukuwahi kumuuliza mtu huyu anajua nini. Tulikuwa tunamletea simu atubadilishie soketi ya chaji, tunabishana bei, tunaondoka.

Jumamosi mnunuzi alirudi na mizani yake. Mzee alimwambia arudie mwezi ujao. Hakumfukuza, alisema tu mwezi ujao. Kwa hiyo hukumu bado haijatoka. Mwenzetu wa umeme anakwenda kila jioni. Juzi alilehemu soketi ya taa moja, ikakatika, akairudia. Mimi nimenunua daftari. Ninaandika kila ampli na kila redio ambayo mzee anakumbuka, ilitoka ukumbi gani, nani alimfundisha yeye, na huyo alifundishwa na nani. Mpaka sasa nimefika kwa fundi wa tatu kurudi nyuma, wakati wa Wabelgiji. Ni karatasi ya kwanza kuwaandika watu hao.

Ndugu zangu, kwenye kila mtaa wa Bunia, na huko Mahagi, Aru, Mambasa, Mongbwalu, kuna meza ya namna hiyo. Mkipita, msitoe simu peke yake. Ulizeni maswali matatu: Papa, nani alikufundisha? Chombo gani cha zamani ulichonacho? Na nani unamfundisha sasa? Mkipata jibu la swali la tatu kwamba hakuna mtu, basi mjue mnunuzi wa shaba yuko njiani, na mizani yake haipimi vitu vya kichwani.